Mafumbo ya kugawa watu katika makundi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha hisabati shule ya msingi hapa Tanga, na jioni huwa na meza ya tuisheni barazani. Kila mwaka mada ya mafumbo ikifika, wazazi na wanafunzi huja na maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu, kwa ajili ya yule aliyekaa na daftari la mtoto usiku na hajui aanzie wapi.

Mwanangu anagawanya vizuri tu. Mbona mafumbo ya makundi anayakosa?

Kwa sababu kugawanya kunakuja baadaye. Kwanza kuna kusoma. Mpe mtoto 96 ÷ 8, atakujibu 12 papo hapo. Sasa mpe hili: "Wanafunzi 96 walipangwa wanane wanane kwa ajili ya usafi." Ataandika 12, na ni sahihi. Kisha muulize, "Kumi na mbili nini?" Watoto wengi hunyamaza hapo. Wengine huangalia dari. Ni makundi 12 au ni watu 12? Asiyeweza kujibu amepata namba, fumbo bado hajalifumbua.

Swali hilo, "kumi na mbili nini?", ndilo ninalolirudia kuliko yote mezani kwangu. Baada ya kukaa na watoto wengi nimeamini kwamba mafumbo haya, kwa sehemu kubwa, ni somo la Kiswahili. Lugha yetu inamwambia mtoto karibu kila anachohitaji, na inamwambia ndani ya viambishi. Kazi yetu ni kumzoeza kuvisikiliza.

"Makundi manne" na "wanne wanne" si kitu kimoja?

Hapana. Soma sentensi hizi mbili taratibu.

"Mwalimu aliwagawa watoto 24 katika makundi manne."

"Mwalimu aliwapanga watoto 24 wanne wanne."

Katika ya kwanza, nne inahesabu makundi. Tusichokijua ni watoto wangapi wako ndani ya kila kundi. Katika ya pili, nne inahesabu watoto, na tusichokijua ni makundi yametoka mangapi. Kwenye karatasi hesabu ni moja, 24 ÷ 4 = 6. Lakini 6 ya kwanza ni watoto sita, na 6 ya pili ni makundi sita. Ukimwona mtoto ameandika jibu bila neno lolote mbele ya namba, usimpe alama kamili hata kama namba ni sahihi.

Mimi humpa mtoto vizibo 24 vya soda afanye yote mawili kwa mikono. Kwa sentensi ya kwanza anaweka visahani vinne mezani, kisha anagawa kizibo kimoja kimoja akizunguka: hiki hapa, hiki hapa, hiki hapa, mpaka viishe. Mwisho anahesabu vilivyomo ndani ya kisahani kimoja. Kwa sentensi ya pili hahitaji visahani. Anachota vizibo vinne anaweka kando, anachota vinne anaweka kando, na mwisho anahesabu mafungu. Mkono unatembea tofauti kabisa. Mtoto akishaona mkono wake umetembea tofauti, hasahau tena.

Kisha turudi kwenye viambishi. "Manne" ni makundi, "wanne" ni watu, "vinne" ni vikundi, "minne" ni mistari, na "nne" tupu itakuwa timu, meza au safu. Na Kiswahili kikirudia neno la namba, kina maana moja tu: kila fungu lina idadi hiyo. Mtoto wa miaka mitano akiambiwa "shikaneni mikono wawili wawili" anajua la kufanya, hahitaji somo. Ujuzi huo anao tangu chekechea. Sisi ndio tunaomsahaulisha tunapomwambia, "Ukiona neno kugawa, chukua namba kubwa ugawanye kwa ndogo."

Na namba ikiwa sita, saba, tisa au kumi? Au ikiandikwa kwa tarakimu?

Swali zuri, maana hapo kiambishi kinapotea. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki: watu sita, makundi sita, vikundi sita. Na tarakimu zinaficha kila kitu, maana "4" haina "wa" wala "ma".

Dawa ninayoifundisha ni hii: isome sentensi upya kwa kuweka tano mahali pa ile namba. Tano inabeba kiambishi kama nne, na ikibaki tupu ni timu, meza au safu. "Wanakijiji 84 waligawanywa katika vikundi 7." Ukiweka tano, ulimi wenyewe utasema "vikundi vitano", kwa hiyo 7 inahesabu vikundi, na kila kikundi kina watu 12. "Wanakijiji 84 waligawanywa katika vikundi vya 7." Ukiweka tano utasema "vikundi vya watano", kwa hiyo 7 ni watu, na vikundi ni 12. Angalia kile kineno kidogo "vya" kilivyogeuza fumbo zima. Mtoto anayesoma haraka anakiruka.

Kuna maswali yaliyotungwa vibaya, kwa mfano "wagawe wanafunzi 42 kwa sita". Hayo hayasomeki kwa kiambishi. Mwambie mtoto atazame swali lenyewe mwishoni: likiuliza "wangapi", jibu ni watu, likiuliza "mangapi", ni makundi.

Hesabu imetoka na baki. Nifanye nalo nini?

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo watoto wanapopoteza alama nyingi, na ndipo watu wazima nao wanapokosea maishani.

Kwenye fumbo la makundi, baki ni watu. Mwaka mmoja shule niliyokuwa nikifundisha iliandaa safari ya kwenda mapango ya Amboni. Watoto waliojiandikisha walikuwa 94, na Coaster zilizopatikana zilikuwa za viti 30. Aliyepanga safari aligawanya 94 kwa 30, akapata 3 baki 4, akaagiza Coaster tatu. Baki lile lilibaki kwenye karatasi. Asubuhi, magari yamejaa, watoto wanne wa darasa la nne walikuwa wamesimama kando ya mlingoti wa bendera na chupa zao za maji mkononi, wakitutazama. Na walimu walikuwa hawajahesabiwa kabisa. Tulibanana tukaenda, watatu kwenye kiti cha wawili, lakini sura za wale wanne sijazisahau. Tangu siku hiyo nikifundisha baki, nauliza: "Hawa wanne wamesimama wapi?"

Fumbo linaweza kukutaka ufanye mambo matatu tofauti na baki, na ni hadithi ya fumbo ndiyo inayoamua.

Wakati mwingine unaongeza moja. Magari, mahema, meza, masinia: kila mtu lazima apate nafasi. Shughulini kwetu pwani wali huliwa kwenye sinia. Ukiwa na wageni 250 na sinia moja ni la watu sita, 250 ÷ 6 = 41 baki 4. Hakuna mpishi atakayepakua masinia 41 na kuwaacha wageni wanne wakiangalia wenzao. Unaandaa 42, na sinia la mwisho linakuwa na wanne.

Wakati mwingine unaliacha baki. Wachezaji 50 wanataka kuunda timu kamili za mpira wa miguu za wachezaji 11. 50 ÷ 11 = 4 baki 6. Swali likiwa "timu kamili ngapi", jibu ni 4. Wale sita ni wa akiba, hawawezi kuitwa timu.

Na wakati mwingine unalisambaza. Wazee wetu wanaukumbuka utaratibu wa mabalozi wa nyumba kumi, ulioanza enzi za TANU. Chukua mtaa wenye nyumba 137. 137 ÷ 10 = 13 baki 7. Zile nyumba saba haziwezi kuishi bila balozi. Ukizisambaza moja moja, mabalozi 7 watakuwa na nyumba 11 na mabalozi 6 watakuwa na nyumba 10. Hakiki: 77 + 60 = 137.

Mzazi asidhani ni watoto wetu tu wanaokosea hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika upimaji wa kitaifa wa Marekani, wanafunzi wa miaka 13 waliulizwa: basi la jeshi linachukua askari 36, na askari 1,128 wanasafirishwa, yanahitajika mabasi mangapi? Gawanya uone: 31 baki 12. Asilimia 29 ya wanafunzi waliandika jibu lao hivyohivyo, "31 baki 12", kana kwamba kuna basi linaloitwa baki. Asilimia 18 waliandika 31, wakawaacha askari 12 kambini. Walioandika 32, ambalo ndilo jibu, walikuwa asilimia 23 tu. Wengi wa waliokosa walikuwa wamegawanya sawasawa. Hawakurudi kwenye hadithi.

Nikitaka makundi ambayo yanakaribiana lakini hayalingani, nafanyaje?

Mfano uko karibu nasi. Mashindano ya mpira wa miguu ya CHAN 2024, yaliyochezwa Agosti 2025 nchini Kenya, Tanzania na Uganda, yalikuwa na timu 19 katika makundi manne. 19 ÷ 4 = 4 baki 3. Kila kundi linapata timu 4, kisha zile tatu zinaingia moja moja kwenye makundi matatu. Ndivyo ilivyokuwa: makundi A, B na C yalikuwa na timu tano tano, na kundi D likawa na nne. Tanzania ilikuwa kundi B pamoja na Madagaska, Mauritania, Burkina Faso na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Zihesabu: tano.

Angalia baki lilivyofanya kazi. Baki 3 ndiyo idadi ya makundi yenye mmoja zaidi. Kanuni hii haikosei: jibu la kugawanya linakupa ukubwa wa makundi madogo, na baki linakupa idadi ya makundi makubwa. Watu 50 katika makundi 8? 50 ÷ 8 = 6 baki 2. Makundi mawili yatakuwa na watu saba saba, na sita yatakuwa na watu sita sita. 14 + 36 = 50.

Watoto wanaopenda mpira huniuliza kuhusu mechi. Kundi la timu tano, kila timu ikikutana na kila nyingine mara moja, lina mechi 10. La timu nne lina mechi 6. Kwa hiyo hatua ya makundi ya CHAN ile ilikuwa na mechi 3 × 10 + 6 = 36. Kombe la Dunia la 2026 lenye timu 48 katika makundi 12 ni jepesi zaidi, halina baki: nne nne.

"Wavulana 48 na wasichana 36 wagawanywe katika makundi yanayofanana, mengi iwezekanavyo." Naanzia wapi?

Anza kwa kuelewa "yanayofanana". Wanafunzi wengi hudhani kila kundi linatakiwa kuwa na wavulana sawa na wasichana. Haliwezi, maana wavulana ni wengi. Maana yake ni kwamba kundi la kwanza lina wavulana wangapi na wasichana wangapi, na kundi la pili lina hivyohivyo, na la tatu hivyohivyo.

Kwa hiyo tunatafuta idadi ya makundi inayogawanya 48 bila baki na kugawanya 36 bila baki. Vigawo vya 48 ni 1, 2, 3, 4, 6, 8, 12, 16, 24 na 48. Vigawo vya 36 ni 1, 2, 3, 4, 6, 9, 12, 18 na 36. Vya shirika ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Tukitaka makundi mengi iwezekanavyo, tunachukua Kigawo Kikubwa cha Shirika, KKS, ambacho ni 12. Makundi ni 12, kila moja lina wavulana 4 na wasichana 3. Jumla kwa kundi 7, na 12 × 7 = 84, sawa na 48 + 36.

Sasa ona jinsi fumbo linavyoweza kugeuka huku namba zikibaki zilezile: "Wavulana 48 na wasichana 36 walipangwa katika makundi ya idadi sawa, wavulana peke yao na wasichana peke yao. Kila kundi liwe na watu wengi iwezekanavyo." KKS ni 12 ileile. Lakini sasa 12 ni watu katika kila kundi, na makundi ni 4 ya wavulana na 3 ya wasichana, jumla 7. Kumi na mbili nini? Nimeona wanafunzi hodari wa darasa la saba wakilipata la kwanza na kulikosa la pili kwa sababu waliandika "makundi 12" kwa mazoea.

Nitajuaje kama ni KKS au KDS?

Jiulize kama umati umeupewa au unautafuta. Ukipewa umati (wavulana 48, wasichana 36) na unaambiwa uugawe, unashuka kuelekea namba ndogo: ni vigawo, ni KKS. Ukiambiwa kwamba umati usiojulikana unaweza kupangwa hivi na vile, unapanda kuelekea namba kubwa: ni vigawe, ni Kigawe Kidogo cha Shirika, KDS.

Fumbo ninalolipenda kuliko yote ni la mistari ya asubuhi. "Wanafunzi wa shule moja wakijipanga wanne wanne, anabaki mmoja. Wakijipanga watano watano, anabaki mmoja. Sita sita, anabaki mmoja. Wakijipanga saba saba, habaki mtu. Ni idadi gani ndogo kabisa ya wanafunzi inayowezekana?"

Watoto huanza kubahatisha. Mimi huwaambia: mtoeni yule mmoja anayewasumbua, mwambieni akae chini ya mwembe kwanza. Sasa waliobaki wanapangika wanne wanne, watano watano na sita sita bila matatizo. Hiyo ni KDS ya 4, 5 na 6, ambayo ni 60. Wanaweza kuwa 60, 120, 180, 240, 300 na kuendelea. Sasa mwiteni mwenzenu kutoka mwembeni: 61, 121, 181, 241, 301. Ni ipi inayogawanyika kwa 7? 61 inabakiza 5. 121 inabakiza 2. 181 inabakiza 6. 241 inabakiza 3. 301 ni 7 × 43, haibakizi kitu. Wanafunzi ni 301.

Kuna pacha wa fumbo hili: wanne wanne wanabaki 3, watano watano wanabaki 4, sita sita wanabaki 5. Mabaki hayafanani, mtoto anakata tamaa. Lakini tazama: kila mpango umepungukiwa na mtu mmoja tu. Badala ya kumtoa mtu, mwongeze. Akija mgeni mmoja watakuwa 60. Kwa hiyo idadi ndogo kabisa ni 59.

Mafumbo ya namna hii ni ya kale. Uchina, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, mwanahisabati anayejulikana kwa jina la Sunzi aliuliza kuhusu vitu ambavyo vikihesabiwa vitatu vitatu vinabaki 2, vitano vitano vinabaki 3, na saba saba vinabaki 2. Jibu ni 23. Tatu na saba zinabakiza 2 zote, kwa hiyo toa hivyo viwili: KDS ya 3 na 7 ni 21, rudisha viwili upate 23, kisha jaribu kwa 5. Inabakiza 3.

"Wakikaa watatu kila dawati, 10 wanakosa nafasi. Wakikaa wanne, madawati 5 yanabaki tupu." Hakuna idadi yoyote iliyotajwa!

Ndiyo, na ndiyo maana linatisha. Lakini linatatulika hata bila herufi yoyote ya aljebra.

Wawekee watatu kila dawati: una watu 10 wa ziada, wamesimama ukutani. Sasa fikiria unataka kila dawati liwe na wanne, pamoja na yale matano matupu. Matano hayo yangehitaji watu 20 ambao hawapo. Kwa hiyo kutoka hali ya kwanza (ziada 10) hadi hali ya pili (pungufu 20) kuna tofauti ya nafasi 30. Umeongeza nini? Mtu mmoja kwa kila dawati. Basi madawati ni 30. Watu ni 3 × 30 + 10 = 100. Hakiki upande wa pili: madawati 25 yenye wanne ni 100.

Kwa mlinganyo, madawati yakiwa *d*: 3d + 10 = 4(d − 5), na d = 30. Mwanafunzi aliyeielewa njia ya kwanza huuandika mlinganyo huu bila kulazimishwa. Kosa la kawaida ni kuandika 4d − 5, yaani kutoa watu watano badala ya madawati matano. Tano nini? Madawati, kwa hiyo watu ishirini.

Uwiano unaingiaje? "Wavulana kwa wasichana ni 3:5, wote 240."

Jumlisha mafungu: 3 + 5 = 8. Fungu moja ni 240 ÷ 8 = 30. Wavulana 90, wasichana 150. Tahadhari moja tu: 3:5 haina maana kwamba wavulana ni 3/5 ya wote. Wao ni 3/8.

Vipi mtu mmoja akiwa katika makundi mawili?

Hapo hugawi tena, ni mada ya seti. Darasa la watu 40: 25 wanacheza mpira wa miguu, 18 netiboli, 7 hawachezi chochote. Wanaocheza ni 33. Lakini 25 + 18 = 43. Zile 10 za ziada ni watu waliohesabiwa mara mbili, yaani wanaocheza michezo yote miwili.

Swali likiuliza "kwa njia ngapi" watu 6 wanaweza kugawanywa wawili wawili?

Hili ni la sekondari ya juu, lakini mtoto wa msingi analiweza. Chukua mtu mmoja. Ana wenzi 5 wa kuchagua. Wakitoka wawili, wanabaki wanne. Chukua mmoja wao, ana wenzi 3. Wawili wa mwisho hawana la kuchagua. 5 × 3 × 1 = njia 15.

Wengi hupata 90, kwa kuchagua jozi ya kwanza (njia 15), ya pili (njia 6), na ya mwisho (njia 1). Hiyo 90 ni sahihi iwapo jozi zina majina, tuseme Simba, Chui na Nyati, maana kuwa Simba si sawa na kuwa Chui. Jozi zisipokuwa na majina, kila mgawanyo umehesabiwa mara 6, na 90 ÷ 6 inarudi kwenye 15.

Mtoto wa darasa la sita kutumia vizibo si kumrudisha nyuma?

Hapana kabisa. Mwache avitumie. Ataviacha mwenyewe siku atakapokuwa anaviona kichwani.

Atahakikije jibu kwenye chumba cha mtihani, muda ukiwa mfupi?

Azidishe arudi kwenye idadi ya mwanzo, ajumlishe na baki. Kisha asome jibu lake kwa sauti ya moyoni kama sentensi nzima: "Yanahitajika mabasi 32." "Kila kundi lina wasichana 3." Sentensi ikikataa kutamkika, kwa mfano "kila kundi lina watu 6.5", kuna kitu hakijakaa sawa.

Anaingia Kidato cha Kwanza, mafumbo yatakuwa kwa Kiingereza. Haya yote hayapotei?

Wazazi wengi huniuliza hili Januari, na wana haki ya kuwa na wasiwasi. Kwa Kiingereza neno la namba halibadiliki: nne ya watu na nne ya makundi zinaandikwa sawasawa, na tofauti inabebwa na mpangilio wa maneno tu. Mtoto aliyezoea kusikia "wanne" na "manne" anajikuta ameondolewa taa.

Ninachowafanyisha wanaofanya maandalizi ya sekondari ni kuliandika fumbo upya kwa Kiswahili pembeni mwa daftari, mstari mmoja tu, kabla hawajagusa namba. Mwaka jana nilikuwa na binti ambaye kila fumbo la makundi lilimtoa machozi. Tulianza na huo mstari mmoja. Wiki ya tatu alikuja na karatasi ya zoezi la Kiingereza, na pembeni ya swali la saba alikuwa ameandika kwa penseli, herufi ndogo ndogo: "watano watano, natafuta makundi". Chini yake hesabu ilikuwa mistari miwili, na mbele ya jibu alikuwa ameandika neno "makundi" na kulipigia mstari.